Istria: rasi ambayo kila mji una majina mawili

Tulikuwa tumetoka Trieste, Italia, na gari la kukodi, hata nusu saa haijatimia, binti yangu akaanza kulalamikia vibao vya barabarani. "Baba, hapa wameandika Koper, halafu chini yake Capodistria. Ni miji miwili au mmoja?" Nikamwambia ni mmoja. Mbele kidogo: Izola, Isola. Mbele tena: Piran, Pirano. Ya nne hakuuliza, akafungua ramani kwenye simu, na ramani nayo ikamletea majina yale yale mawili mawili.

Muda si mrefu tukasimamishwa. Kutoka Italia kwenda Istria ya Kroatia unakatiza Slovenia kwa kipande kifupi tu, lakini ukipita barabara kuu ya Slovenia bila kibali chake, kile wanachokiita vinjeta, ambacho siku hizi hununuliwa kwenye intaneti na kusajiliwa kwa namba ya gari, faini inaanzia euro 300. Kijana wa kampuni ya magari alikuwa amenieleza kila kitu kuhusu mikwaruzo na mafuta, hilo hakuligusa. Nililipa. Ipo barabara ya zamani isiyohitaji kibali, na wenye kujua ndiyo wanayopita.

Majina mawili na faini ya kipande cha barabara vina mzizi mmoja. Anayekwenda kupumzika Istria bila kuujua atarudi na picha nzuri, ila hataelewa alichokiona.

Istria ni rasi kubwa kuliko zote katika Bahari ya Adriatiki, ule mkono mrefu wa Mediteranea unaoingia kati ya Italia na Balkani. Ina kilomita za mraba kama 3,600, zaidi kidogo ya Unguja mara mbili. Sehemu kubwa, karibu asilimia 90, ni ya Kroatia. Slovenia ina ukanda wa kaskazini, pwani ya kilomita 46 hivi, na hiyo ndiyo pwani yote iliyo nayo nchi hiyo. Italia imebakiwa na Muggia, mji mdogo ulio jirani na Trieste. Nchi tatu, basi, kwenye rasi ambayo gari linaizunguka kwa siku moja.

Wenyeji wana utani wao kuhusu bibi mmoja aliyezaliwa Austria, akasoma Italia, akaolewa chini ya Wajerumani, akazaa watoto Yugoslavia na kuzeekea Kroatia, na siku zote hizo hakuwahi kuhama kijijini kwake. Watu hucheka, lakini ukipiga hesabu ya miaka inatimia. Mpaka 1918 nchi ilikuwa ya dola la Austria na Hungaria. Mkataba wa Rapallo wa 1920 ukaipa Italia. Italia iliposalimu amri Septemba 1943, Wajerumani wakaingia. Mkataba wa amani wa Paris wa Februari 1947 ukaikabidhi Yugoslavia sehemu kubwa ya rasi. Pembe ya kaskazini ikawekwa kando kwanza, ikawa sehemu ya Eneo Huru la Trieste, ikagawanywa 1954, na suala lenyewe halikufungwa kabisa mpaka mkataba wa Osimo wa 1975. Kisha Juni 1991 Slovenia na Kroatia zikajitangazia uhuru, na mstari uliokuwa kati ya jamhuri mbili ndani ya nchi moja ukawa mpaka wa kimataifa.

Lakini anayeonekana zaidi kwa mgeni si yeyote kati ya hao. Ni Venice. Pwani ya magharibi ya rasi iliingia mikononi mwa jamhuri ile ya wafanyabiashara katika karne ya 13, na haikutoka mpaka Napoleon alipoiangusha Venice yenyewe mwaka 1797. Zaidi ya miaka mia tano! Ndiyo maana Rovinj na Piran zina minara ya kengele inayofanana na ule wa Mtakatifu Marko kule Venice, na simba mwenye mabawa, nembo ya jamhuri ile, amechongwa juu ya malango. Na hazikuchukuliwa sura tu. Mawe meupe ya Istria yalisafirishwa kwa majahazi kwenda Venice kwa sababu hayanywi maji ya chumvi haraka. Daraja la Rialto la huko limejengwa kwa mawe hayo. Nusura ichukuliwe hata Arena ya Pula, uwanja wa Warumi wa karne ya kwanza uliokuwa ukichukua watazamaji kama 23,000. Mwaka 1583 ilipendekezwa katika baraza la Venice kwamba uwanja wote ubomolewe jiwe kwa jiwe ukajengwe upya kwao. Seneta Gabriele Emo akapinga, hoja ikafa, na watu wa Pula wakamwekea kibao cha shukrani ambacho bado kipo kwenye mmoja wa minara ya uwanja huo. Kila kiangazi huoneshwa filamu humo ndani, kwenye tamasha lililoanza 1954.

Bara ya rasi ilikuwa habari nyingine. Vilima vya katikati, Pazin na jirani zake, vilikuwa vya watawala wa Austria, na wakazi wake wengi walizungumza lugha za Kislavoni: Kikroatia cha lahaja zao na Kislovenia. Mijini pwani ilikuwa Kiitalia cha lafudhi ya Venice. Mgawanyo huo wa mji na shamba, pwani na bara, ndio uliokuja kuwaka moto karne ya 20. Kila upande uliamini kwamba mwingine ndiye mgeni, ingawa wote walikuwa wamekaa hapo karne na karne.

Baada ya 1797 na purukushani za Napoleon, Austria ikachukua rasi yote. Ikaifanya Pula bandari kuu ya jeshi lake la majini, ikajenga reli mwaka 1876 kuiunganisha na mtandao wa dola. Reli hiyo bado inafanya kazi, na inaeleza historia kuliko mwongoza watalii. Kwa kuwa ilichorwa enzi hakukuwa na mpaka hapo, inapanda kaskazini kwenda Slovenia, na haikuunganishwa na reli za sehemu nyingine za Kroatia. Kutoka Pula kwenda Zagreb watu hupanda basi au gari, wakipita handaki la Učka lenye kilomita tano. Reli nyingine nyembamba, Parenzana, ilitoka Trieste mpaka Poreč kwa kilomita 123. Ilifunguliwa 1902 na Italia ikaifunga 1935. Leo ni njia ya baiskeli, na mwendeshaji anapita nchi tatu akifuata mteremko mmoja.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo vijitabu vya utalii huipita mbio. Utawala wa Mussolini ulifunga shule za Kikroatia na Kislovenia, na kuanzia 1927 majina ya koo ya Kislavoni yakageuzwa kuwa ya Kiitalia kwa amri. Mtu alilala na jina la babu yake akaamka na jingine. Vita ilipogeuka, kisasi nacho kikaja: mwaka 1943 na tena 1945 watu waliuawa na kutupwa katika foibe, mashimo marefu ya asili kwenye miamba ya chokaa. Idadi yao inabishaniwa mpaka leo, na ubishi wenyewe ni wa kisiasa kuliko wa hesabu. Baada ya hapo Waitalia wengi wakaondoka. Makadirio ya wote waliohama Istria na sehemu jirani za pwani ni kati ya watu 200,000 na 350,000. Pula ilimwagika karibu yote: kati ya wakazi wapatao 32,000, takriban 28,000 walichagua kuondoka, wengi kwa meli iitwayo Toscana iliyokwenda na kurudi Februari na Machi 1947. Vitanda, viti, mashine za kushonea, vyombo vya jikoni, vyote viliandikwa majina na kupakiwa. Vingi havikuchukuliwa tena. Kwa miongo kadhaa vilikaa katika ghala namba 18 la bandari ya zamani ya Trieste, viti vikiwa vimepandana mpaka darini, kila kimoja na jina la mwenyewe.

Kwa karne nyingi, kwa hiyo, mipaka ndiyo iliyokuwa ikihama juu ya watu. Mwaka 1947 watu nao wakahama. Na nyumba zilizoachwa ndizo sehemu ya "mji mkongwe wa kupendeza" tunaoupiga picha. Grožnjan, kijiji cha mawe juu ya kilima, kilibaki karibu kitupu mpaka 1965 wasanii walipopewa nyumba zake wazigeuze karakana na vyumba vya maonyesho. Ni kizuri kweli. Ila ukijua kilichotangulia, unatembea polepole zaidi.

Waitalia waliobaki walipata haki zao taratibu, na hapo ndipo vibao vya binti yangu vinapopata jibu. Katika mkoa wa Istria wa Kroatia na kwenye miji ya pwani ya Slovenia, Kiitalia kinatambuliwa kisheria pamoja na lugha ya taifa. Pula ni Pola, Poreč ni Parenzo, Rovinj ni Rovigno. Majina yote mawili ni rasmi, hivyo ukitafuta basi au chumba na jina moja likakataa, jaribu la pili. Rovinj nilisimama mbele ya kengele za mlango wa ghorofa moja nikasoma majina: ukoo mmoja ule ule, kengele moja umemalizikia kwa "ch", kengele ya juu yake kwa "ć". Ndugu au majirani, sikujua. Hati tofauti zilizotolewa na serikali tofauti, basi.

Tuje kwenye pasipoti, maana hapa ndipo ushauri mbovu umejaa. Mpaka mwisho wa 2022 Kroatia ilikuwa ndani ya Umoja wa Ulaya, tangu 2013, lakini nje ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizofuta ukaguzi wa kawaida wa pasipoti kati yao, na fedha yake ilikuwa kuna. Mwenye viza ya Schengen ya kuingia mara moja akitoka Slovenia kwenda Rovinj alikuwa ameshaitumia, kurudi hawezi. Maonyo hayo bado yanazunguka, lakini hayana kazi tena. Tarehe 1 Januari 2023 Kroatia iliingia Schengen na kuanza kutumia euro siku hiyo hiyo. Viza moja ya Schengen sasa inakutembeza rasi yote.

Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo na hata Oman wanahitaji viza hiyo. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000 ni lazima. Unaomba kwenye nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, nchi utakayoingilia. Hapa watu hujikwaa: ukipanga usiku tano Rovinj na mbili Venice, nchi yako ni Kroatia, hata kama ndege inatua Italia. Ndugu zetu wanaoishi Ujerumani au Uholanzi kwa kibali cha ukaazi hawahitaji viza. Wana siku 90 katika kila 180.

Pamoja na hayo, usiiache pasipoti kwenye chumba. Schengen inaruhusu ukaguzi wa muda, na tangu Oktoba 2023 Italia imeurudisha kwenye mpaka wake na Slovenia, na Slovenia ukarudi kwenye mpaka wake na Kroatia. Huenda ukapungiwa mkono upite, huenda ukaambiwa simama pembeni. Sura zetu, tuseme ukweli, huambiwa simama mara nyingi zaidi. Ukifika, mwenye nyumba atakuomba pasipoti akusajili. Huo ni wajibu wake kisheria wala si umbea, na kodi ndogo ya utalii hulipwa kwa kila usiku.

Bahari yenyewe itamshangaza mtu wa pwani yetu. Mchanga ni wa kutafuta. Ni miamba myeupe, kokoto, na sehemu nyingi saruji iliyomwagwa enzi za Yugoslavia, miaka ya sitini na sabini, mahoteli makubwa yalipojengwa nje ya miji. Mwanzoni nililidharau lile saruji. Siku ya tatu nilikuwa nimelala juu yake kama wengine, maji chini yangu yakiwa safi hadi unahesabu kokoto. Nunua viatu vya mpira vya kuogelea, kwa sababu viumbe vya miiba mieusi vimeng'ang'ania kila mwamba. Bamvua na maji mafu ya kwetu hayapo. Maji hupanda na kushuka chini ya mita moja. Kiangazi joto la bahari ni nyuzi 24 au 25. Juni na Septemba ndiyo miezi ya mtu mwenye akili zake, Julai na Agosti ni foleni. Na kama kwetu kuna kusi na kaskazi, kwao kuna jugo ya kusini mashariki inayoleta unyevu na mawimbi, na bura, upepo mkavu wa baridi unaoporomoka kutoka milimani. Bura ikivuma kwa nguvu, hata mvuvi mzoefu hatoki.

Ukiona kibao kimeandikwa FKK, hiyo ni fukwe ya watu wasiovaa nguo kabisa, utamaduni wa tangu Koversada ilipofunguliwa karibu na Vrsar mwaka 1961. Ukiwa na mama mkwe, kata kushoto mapema.

Chakula ni cha Kiitalia kilichopitia jikoni kwa Waslavoni. Fuži, tambi za kukunjwa, huja na trufo, uyoga unaoota chini ya ardhi katika msitu wa Motovun na kutafutwa kwa mbwa. Mwaka 1999 ilipatikana Istria trufo nyeupe ya kilo 1.31, na rasi nzima bado inaishi kwa sifa hiyo. Kwa Waislamu: pršut inayotangulia kila mlo ni nguruwe, na supu ya maneštra mara nyingi hupikwa na mfupa wake, hivyo uliza. Samaki na mafuta ya zeituni vitakutosha. Rijeka, mlangoni mwa rasi upande wa mashariki, ina msikiti mkubwa uliofunguliwa 2013.

Sikutarajia kukutana na Afrika Mashariki huko, na nikakutana nayo mara mbili. Trieste ndipo alipomalizia maisha yake Richard Burton, yule yule aliyefika Ujiji mwaka 1858 akiongozwa na akina Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa balozi mdogo wa Uingereza kwa miaka 18 mpaka alipofariki 1890, na alipanda vilima vya Istria kuandika juu ya ngome zake za kale. Ya pili ni visiwa vya Brijuni, robo saa kwa boti kutoka Fažana, karibu na Pula. Tajiri wa Austria, Paul Kupelwieser, alivinunua 1893 akakuta malaria imevitawala. Akamwita daktari Mjerumani Robert Koch, ambaye miaka michache tu kabla alikuwa Dar es Salaam akiichunguza malaria hiyo hiyo. Koch akapima damu za wakazi, akawapa kwinini wenye vimelea, mazalio ya mbu yakafukiwa, na mwanzoni mwa karne ya 20 Brijuni ikawa pa matajiri kupumzikia. Ana mnara wake huko. Kisha 1906 akaenda visiwa vya Ssese, Uganda, kutibu malale kwa dawa iitwayo atoksili, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Ssese hakuna hoteli iliyotokana na kazi yake.

Brijuni baadaye ikawa makazi ya Tito, kiongozi wa Yugoslavia, na Julai 1956 alikaa hapo na Nehru wa India na Nasser wa Misri wakazungumza juu ya nchi zisizotaka kufungamana na upande wowote. Mnamo 1970 mkutano wa maandalizi wa nchi hizo ulifanyika Dar es Salaam.

Jioni ya mwisho tuliingia katika jumba dogo la makumbusho la batana, pale ufukweni Rovinj. Batana ni mashua ya mbao yenye tako bapa, na mji huu uliishi kwayo. Ulikuwa kisiwa mpaka 1763 mfereji ulipofukiwa, ndiyo maana nyumba zimebanana na kurefuka, kila ghorofa na bomba lake la moshi. Wavuvi wake walikuwa na namna ya kuimba iitwayo bitinada: mikono yote miwili imeshika nyavu, hakuna wa kupiga chombo, basi wengine wanaigiza kwa midomo sauti za gitaa na ngoma huku mmoja akishika wimbo. Mama aliyekuwa mlangoni alituimbia kidogo, vidole vyake vikivuta wavu usioonekana.

Binti yangu akamuuliza kwa Kiitalia chake cha shule, wimbo huo ni wa Kiitalia au wa Kikroatia. Akatikisa kichwa. Ni lugha ya hapa tu, akasema, ya tangu kabla Venice haijaja, na wanaoizungumza sasa ni mamia machache. Kwa lugha hiyo mji si Rovinj wala Rovigno. Akamwandikia pembeni mwa tiketi: Ruveigno.